Mwanga haufiki mbali ndani ya ubongo

Nashukuru kwa makala yenu kuhusu vihisi vya mwanga, yaani vyombo vidogo vinavyopandikizwa ubongoni ili kuona seli za neva zinavyofanya kazi, lakini naomba kuongeza jambo ambalo mwandishi amelipita haraka. Sisi wa Mwanza tunajua jinsi mwanga wa karabai za wavuvi wa dagaa unavyofifia katika maji ya ziwa yaliyochafuka. Vivyo hivyo tishu ya ubongo huutawanya mwanga, kiasi kwamba hata hadubini ya fotoni mbili, inayotumia leza kuona ndani ya tishu hai, kwa kawaida haioni vizuri zaidi ya takriban milimita 1 kutoka juu. Ndiyo maana watafiti huingiza lenzi nyembamba, au kihisi chenyewe, hadi sehemu za ndani kama hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu, ingawa baadhi ya tishu huharibika njiani, jambo ambalo kwangu si dogo.

Tena seli za neva haziwaki zenyewe. Katika majaribio ya panya huingizwa kwanza jeni, mara nyingi kwa virusi vilivyobadilishwa, ili seli zitengeneze protini inayong'aa zaidi kalsiamu inapoongezeka ndani ya seli, yaani seli inapofanya kazi. Asili yake ni protini ya kijani ya yavuyavu wa baharini, ambayo mwanasayansi Mjapani Osamu Shimomura aliitenga mwaka 1962.

Mpwa wangu ana kifafa, na baada ya kusoma makala hii mama yake aliniuliza kama tumpeleke apandikizwe kihisi hicho. Nilimwambia kwamba chombo hiki bado ni cha maabara, na kwamba mtoto asiache dawa zake. Namwomba mhariri aandike wazi, hata kwa sentensi moja, kwamba matokeo yaliyotajwa ni ya panya.