Korosho zetu, bei ya dola

Jamani, mtu wa Mtwara alipishwe korosho bei ya sahani ya wali samaki? Tulikwenda kulala loji moja ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ile iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019. Wanyama sina neno nao. Viboko wa Rufiji wanakoroma usiku kucha na hawakuandikii bili. Kero ni wenye loji.

Bei zote dola, wakati kanuni za 2025 zimeshakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni. Ukiomba shilingi, mhudumu anabonyezabonyeza simu, halafu anakutajia kiwango ambacho benki yoyote hukikuti.

Sasa hicho kibakuli! Cha mti, kidogo, korosho za kuhesabu, nusu yake vipande, nyingine zimeungua pembeni. Mama mdogo (msimu ukifika yeye ndiye anayekesha ghalani na magunia yake) akazigeuza mojamoja kwa kidole. "Hizi wamebangulia gizani?" Mhudumu akacheka, bili haikucheka. Pale Mnazi Mmoja ya Lindi ukikaa dirishani mwa basi, kina mama wanakuinulia pakiti nzima, nyeupe, zina chumvi ya kutosha, na bei mnapatana huku dereva anapiga honi.

Ukasema basi, safari nyingine nabeba zangu. Thubutu! Mapokezi wamebandika karatasi: vyakula kutoka nje haviruhusiwi.