Chuma kilichopakwa madini: nani anakihitaji Kisumu?

Bodaboda akigongwa barabara ya Kondele kwenda Mamboleo, ndugu huanza kuchanga pesa za chuma cha kuunga mfupa kabla hata damu haijakauka. Hapo ndipo jamaa mmoja aliyesoma mtandaoni huuliza: mbona tusitafute kile kilichopakwa madini, kinachovuta mfupa?

Si porojo. Chuma kikiingia mwilini, protini za damu hukifunika papo hapo, na seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka za aina mbalimbali) zinazotoka kwenye uboho hushika protini hizo, si chuma chenyewe. Uso wa chuma ndio unaoamua protini zikae vipi, na mkao huo huisukuma seli kugeuka ya mfupa au kubaki ilivyo. Haidroksiapataiti, madini ya kalisiamu na fosfeti yanayofanana na ya mfupa wetu, huzivutia sana protini hizo. Hata umbo tu hutosha: mwaka 2007 watafiti wa Glasgow walipanga vishimo vya upana wa nanomita 120 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) kwa mpangilio uliovurugwa kidogo, seli shina zikatengeneza madini ya mfupa bila dawa ya kuzichochea. Ila ilikuwa maabara, tena juu ya plastiki.

Kwa binadamu mambo yamechanganyika. Chuma cha nyonga cha Furlong, yaani nyonga bandia, kilichopakwa madini hayo na kuanza kutumika London mwaka 1985, kimedumu vizuri. Lakini sajili ya Uswidi ya upasuaji wa nyonga, katika matokeo yaliyochapishwa 2010, ilionyesha vikombe vya nyonga bandia (sehemu inayokaa kwenye fupanyonga) vilivyopakwa vikirudiwa upasuaji zaidi ya visivyopakwa.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Msumari wa paja, chuma kirefu kinachoingizwa ndani ya mfupa, kazi yake ni kushikilia mpaka mfupa uunge, na huenda ukatolewa baadaye. Ukiwa umepakwa na mfupa ukishaung'ang'ania, daktari atatoka jasho kuung'oa. Na kama mfupa ulitoboa ngozi, adui mkubwa ni bakteria, nao hupenda uso wenye mikwaruzo kama seli zinavyoupenda. Mimi pesa hizo ningezielekeza kwenye kuosha kidonda mapema, antibayotiki na msumari wa chuma cha pua wenye uso laini, usiopakwa.

Nyonga ni habari nyingine, maana chuma kile hakitoki. Hata hivyo nyanya wa Nyalenda mwenye mifupa iliyolegea mara nyingi humfaa zaidi kile kinachogandishwa kwa saruji ya mifupa. Anayefaidika na utando huo wa madini ni mtu wa makamo, mifupa bado imara, nyonga imelika.