Kibati Hakikushinda Le Mans

Kwenye maonyesho ya magari ya zamani, mtoto wa miaka kama kumi alikuwa ameshapiga goti moja chini, simu mkononi, anatafuta pembe nzuri ya kulipiga picha gari la kijani lenye pezi nyuma ya kichwa cha dereva. Jaguar D-Type, gari la mbio la miaka ya 1950, au tuseme umbo la D-Type. Kabla hajabonyeza, bwana mmoja mwenye fulana iliyojaa nembo za mbio akamgusa bega: "Usipoteze chaji yako, hilo feki." Mtoto akainuka, akapangusa vumbi gotini, akaenda zake.

Hasira ya siku ile haijanitoka mpaka leo, kwa hiyo mnivumilie.

Gari lile halikumdanganya mtu. Mbele yake palikuwa na kibao chenye herufi zinazosomeka bila miwani: limejengwa upya, bodi imegongwa kwa mkono, injini ni ya Jaguar ya silinda 6, wala halikutoka kiwandani. Feki ni kitu kinachojidai kuwa kingine. Kitu kinachokutajia asili yake kabla hujauliza ni nakala, na nakala haina hatia. Halafu bwana yule, nyie, alikwenda moja kwa moja kusujudu mbele ya gari la tatu kutoka pale, eti hilo ndilo "lenyewe". Lenyewe lina chesisi mpya, yaani fremu inayobeba gari zima, bodi ya tatu, na injini iliyotolewa kwenye gari jingine. Fundi aliyewahi kulifungua alinisimulia mwenyewe. Ila lina kibati cha namba, kile kipande cha bati kinacholitambulisha gari, na kibati kinang'aa.

Kinachonikera ni hicho kibati.

Gari la mbio lilikuwa chombo cha kazi. Lilipogongwa Jumapili, Jumatatu lilikatwa, likachomelewa, likavishwa ekseli ya mwenzake. Injini zilizunguka kutoka gari hadi gari kama sufuria za jirani. Na timu zilivusha magari mipakani kwa karatasi za forodha zilizoandikwa namba fulani. Gari lenye namba hiyo likiwa limevunjika, unadhani walirudi nyumbani kulia? Walifungua kibati, wakakipiga kwenye gari jingine, wakavuka. Yaani kibati kilianza kusema uongo gari likiwa bado changa, halafu leo mtu anakishika kama hati ya mbinguni.

(Najua, sasa hivi atatokea msomi na meli ya Theseus, lile fumbo la kale: ukibadilisha mbao zote za meli, bado ni meli ileile? Asante, nimeisikia. Meli ile ilibadilishwa mbao kwa utulivu, ikitunzwa iwe kumbukumbu. Gari la mbio hubadilishwa usiku wa manane, watu wakitukanana, kwa sababu kesho asubuhi linatakiwa mstarini.)

Kesi ninayoirudia kila mara ni ile ya Bentley iitwayo Old Number One. Speed Six. Ilishinda Le Mans, mbio za saa 24 za Ufaransa, mwaka 1929 ikiendeshwa na Woolf Barnato na Tim Birkin, ikashinda tena 1930, Barnato akiwa na Glen Kidston. Gari moja, ushindi mara mbili mfululizo. Baadaye likatiwa injini ya lita 8, na mwaka 1932 likaingia mbio za maili 500 za Brooklands, Uingereza. Clive Dunfee akapita juu kabisa ya ukingo wa kona, gari likaruka nje, akafa. Barnato hakulitupa. Alilijenga tena, safari hii likawa gari la barabarani lenye paa. Miaka ikapita, likabadilishwa tena lifanane na lile la mbio.

Basi mwaka 1990 mwenye gari na kampuni iliyotaka kulinunua wakafikishana Mahakama Kuu ya London. Bei waliyokubaliana ilikuwa pauni milioni 10, kisha mnunuzi akagoma: hili silo. Wataalamu wakapanda kizimbani kuhesabu vyuma. Na ukihesabu vyuma, mnunuzi alikuwa na hoja, kwa sababu vilivyobaki kutoka Le Mans vilikuwa vichache mno. Jaji Otton hakulificha hilo. Alikubali kwamba si gari lile kama lilivyotoka kiwandani. Lakini akaona kwamba vipande vipya viliingia kidogo kidogo, vikamezwa na gari, na hakuna siku hata moja ambayo gari lilikoma kuwa lenyewe. Na hapakuwa na Bentley nyingine, iliyopo au iliyopotea, iliyoweza kudai jina lile. Mwenye gari akashinda.

Wapo wanaoilaani hukumu ile mpaka leo. Mimi naona ni akili kubwa kuliko zote zilizowahi kutumika kwenye jambo hili. Jaji hakuuliza chuma hiki kilikuwa wapi mwaka 1930. Aliuliza: nyuzi ya maisha ya gari hili ilikatika lini? Haikukatika. Lilipigwa, likauguzwa, likabadilishwa sura, lakini kila siku palikuwa na mtu anayeweza kulionyesha kidole na kusema ni lile.

Pima ugomvi mwingine wote kwa kipimo hicho uone ulivyo mwepesi. Timu inapinda chesisi, inaitupa nyuma ya karakana, inafunga mpya, inaendelea kushindana. Miaka 30 baadaye mtu anaiokota ile iliyopinda, anainyoosha, anaijengea gari zima, kisha anachonga namba ileile. Ghafla dunia ina magari mawili yenye jina moja na mawakili wanne. Jibu langu halijabadilika: jina lilikwenda na gari lililoendelea kukimbia. Kilichobaki nyuma ya karakana ni mfupa.

Haya, nikubali kidogo, ingawa sipendi. Mfupa ule ulikuwepo. Ulihisi joto la usiku ule, na chesisi mpya haikuhisi kitu. Ukinipa nafasi ya kuugusa nitaugusa, tena pengine kwa mikono miwili. Basi utundike ukutani ukiwa umepinda hivyo hivyo, nami nitalipa kiingilio. Ila usiufungie magurudumu ukaniambia ulishinda mbio zilizofanyika wakati wenyewe umelala kwenye magugu.

Pesa ndizo zilizotufikisha hapa, hilo halihitaji mjadala. Ferrari 250 GTO, gari la mbio, zilijengwa 36 kati ya 1962 na 1964, na moja iliuzwa mnadani Monterey mwaka 2018 kwa dola milioni 48.4. Kwa bei hiyo hata skrubu ina wakili. Lakini kinachoniuma kwenye GTO ni GTE. Ferrari 250 GTE ilikuwa gari la watu wanne, lenye injini ya V12 ya lita 3 ya ukoo uleule, na zilitoka zaidi ya 900. Kwa miaka mingi hakuna aliyezithamini, kwa hiyo mafundi wakawa wanazinunua, wanang'oa bodi, wanaikata chesisi kutoka nafasi ya milimita 2,600 kati ya ekseli hadi 2,400, na kuzivisha umbo la GTO. Umeelewa kilichofanyika? Ferrari ya kweli, yenye historia yake ya kweli ya kupeleka familia ya kitajiri likizo, ilichinjwa ili azaliwe mwigo. Hapo nakala ina hatia, na hapo ndipo ningependa kumwona yule bwana wa fulana akipandisha sauti. Mwaka 2019 mahakama ya Bologna ilikubali kwamba umbo la GTO ni kazi ya sanaa ya kulindwa. Vizuri sana. Haikufufuka hata GTE moja.

Na viwanda vyenyewe? Jaguar walitenga namba 18 za E-Type nyepesi mwaka 1963, wakajenga 12. Mwaka 2014 wakakumbuka kwamba zimebaki 6, wakazijenga. Kisha wakarudia XKSS 9, D-Type za barabarani, zilizoteketea kwenye moto wa kiwanda chao cha Browns Lane mwaka 1957. Nikijenga mimi gereji ni feki, wakijenga wao ni "mwendelezo". Mzazi akikusahau miaka 50 halafu akakuzaa, cheti cha kuzaliwa kiandikwe mwaka gani?

Pasi ya kiufundi ya magari ya kihistoria ya FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, ile HTP, wauzaji hupenda kuipeperusha kama cheti cha ndoa. Inathibitisha kwamba gari linafuata vipimo vya enzi zake, basi. Nakala iliyojengwa vizuri inaweza kuipata. Na hata nyumba kubwa za mnada huteleza: mwaka 2007 Christie's iliiondoa Auto Union D-Type, gari la mbio la Kijerumani lisilohusiana na Jaguar, kwenye mnada wa Paris baada ya shaka kuzuka kuhusu utambulisho wake.

Turudi kwenye lile gari la kijani. Nilimsubiri mwenyewe, mzee mwenye kucha nyeusi kwa grisi, nikamwomba radhi kwa niaba ya mtu nisiyemjua. Akacheka. Akaniambia aliwahi kuletewa kibati, cha zamani kweli, cha gari lililokufa, na aliyekileta alimhakikishia kwamba karatasi zitafuata. Nikamuuliza alijibu nini. Hakunijibu, alikuwa anamtazama mtoto wetu wa simu, aliyekuwa amerudi na kusimama mbali kidogo, mikono nyuma.

"Njoo ukae," mzee akamwambia. "Ila vua viatu, kiti hicho nimekishona mwenyewe."