"Athari" si vumbi

Mtafsiri wa habari akikutana na neno la Kiingereza fallout, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye "athari". Kashfa ya waziri ina athari, kufilisika kwa benki kuna athari, uchaguzi uliovurugika una athari. Wanaoitetea tafsiri hii wana hoja: msomaji anaelewa papo hapo, na wenye Kiingereza chao nao hulitumia sana neno hilo kwa mambo ya siasa. Maneno huhama. "Cheche" zetu haziunguzi nyumba kila zinapotajwa.

Kwa kashfa, nakubali. Shida ni pale "athari" hiyo hiyo inapoletwa kwenye habari za nyuklia, maana huko kinachozungumzwa ni kitu cha kushikika: vumbi lililonyanyuliwa na mlipuko, likabebwa na upepo, kisha likaanguka.

Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la hidrojeni, Castle Bravo, huko Bikini katika Visiwa vya Marshall. Wataalamu walitarajia nguvu ya megatani 6, yaani sawa na tani milioni sita za baruti ya TNT, zikatoka 15. Matumbawe yalisagika yakawa unga mweupe, ukapaa na wingu. Saa chache baadaye unga huo uliwaangukia watu 64 waliokuwa Rongelap, kisiwa kingine cha Marshall, zaidi ya kilomita 150 upande wa mashariki. Watoto waliuchezea. Watu wakahamishwa baada ya siku mbili, kisha ngozi zikaungua na nywele zikanyonyoka. Hata methali ya tembo na nyasi haifiki hapa, kwani nyasi huwa chini ya miguu ya wanaopigana. Hawa walikuwa ng'ambo ya bahari.

Ndani ya vumbi hilo mlikuwa na sesiamu-137, chembe inayotoa mionzi, ambayo huchukua miaka 30 kupungua nusu. Nusu tu. Ikipita 30 mingine, inabaki robo. Ikipita 30 tena, thumuni. Wakazi walirudishwa mwaka 1957, wakala nazi na samaki wa kwao, na mwaka 1985 wakaondoka tena kwa hofu ya sumu iliyobaki kisiwani. Kashfa ya waziri haina hesabu ya namna hii.

Ndiyo maana nashikilia "vumbi la mionzi". Ni refu kwa kichwa cha habari, lakini linamwambia msomaji afunge madirisha, afunike kisima, amwite mtoto aingie ndani. "Athari" haimwambii afanye lolote.