Dawa ya presha kwa mtu asiye na presha

Wengi wakisikia dawa mpya ya presha inaanza kujaribiwa kwa vijana wenye 120/80 yao safi wanashtuka, huyu haumwi, anashushwa nini sasa? Swali la haki kabisa, ila tusikimbilie kusema ni unyama.

Hatua ya kwanza haitafuti kama dawa inatibu, inatafuta dozi ambayo mwili unaivumilia na dawa inakaa kwenye damu masaa mangapi. Mgonjwa wa presha mara nyingi ana sukari, figo zinasumbua, anameza na vidonge vingine, sasa akianza kutapika utajuaje kimemtapisha nini? Na wasioumwa wanaonyesha mengi tu, kwa mfano kwenye majaribio ya losartan, dawa ya presha, waliwekewa angiotensin kwenye mshipa, kemikali ya mwili inayobana mishipa na kupandisha presha, halafu ikaangaliwa dawa inauzuia ule mpando kiasi gani.

Shida ni kwamba mwili wenye afya unajitetea. Ukimpima amelala unaweza kuona presha haijashuka kivile, moyo ndio unaenda mbio, ila akisimama tu damu inabaki miguuni, macho yanaingia giza na chini huyo. Kwa hiyo lazima apimwe amelala na amesimama, na mtu awe karibu naye.

Lakini mimi kinachonitisha zaidi sio kuzimia. Mwaka 2001 pale Johns Hopkins, Marekani, dada wa miaka 24 asiyeumwa chochote alivuta hexamethonium, dawa iliyotumika kushusha presha miaka ya 1950, safari hii kwenye utafiti wa pumu. Mapafu yakaharibika, kama mwezi mmoja baadae akafariki. Na ripoti za zamani kwamba hiyo dawa inadhuru mapafu zilikuwepo jamani, watafiti hawakuzifikia! Tena dada mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa hapohapo, na mfanyakazi anamkatalia vipi bosi wake?

Kwahiyo mimi nakubali wasioumwa waanze, kwa dozi ndogo zinazopanda taratibu, ila wafanyakazi na wanafunzi wa hao watafiti wasiguswe kabisa. Na kabla mtu hajasaini fomu ya ridhaa aonyeshwe kwa maandishi, figo zikifeli miezi sita baadae nani analipa hospitali, maana hela ya kujitolea itakuwa imeshaisha zamani.