Mkono Uliobaki Umepooza: Injili Inaposomwa Bila Miujiza

Sura ya 12 ya Mathayo ina kisa kifupi sana. Yesu anaingia katika sinagogi siku ya sabato, na humo yumo mtu mwenye mkono uliopooza. Watu wanaomvizia wanamuuliza kama ni halali kuponya siku hiyo. Anawarudishia swali: ni nani kati yenu ambaye kondoo wake mmoja akitumbukia shimoni siku ya sabato hatamwopoa? Na mtu je, si bora mara nyingi kuliko kondoo? Basi ni halali kutenda mema siku ya sabato. Halafu anamgeukia yule mgonjwa: "Nyosha mkono wako." Anaunyosha, nao unapona.

Mnamo mwaka 1820 Thomas Jefferson, aliyewahi kuwa rais wa tatu wa Marekani, alikuwa mzee aliyestaafu akiishi shambani kwake. Alichukua nakala za Agano Jipya za lugha 4, yaani Kigiriki, Kilatini, Kifaransa na Kiingereza, akakata aya alizozitaka na kuzibandika kwa gundi, lugha kando ya lugha. Kikatoka kitabu cha kurasa 84 cha maisha na maadili ya Yesu wa Nazareti. Hamna malaika kuwatokea watu, wala kutoa pepo, wala kufufuka. Kitabu kinakoma pale jiwe linapoviringishwa mlangoni pa kaburi na watu kuondoka zao. Miaka michache kabla, katika barua kwa John Adams, alikuwa ameeleza kwamba maneno halisi ya Yesu hutambulika kirahisi kama almasi ndani ya lundo la samadi.

Kisa cha mkono uliopooza kimo katika kitabu hicho. Limo swali la wale wavizia, yumo kondoo, limo jibu, na imeongezwa aya kutoka Marko isemayo kwamba sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, si mwanadamu kwa ajili ya sabato. Baada ya hapo Mafarisayo wanatoka nje kushauriana jinsi ya kumwangamiza. Aya ya kuponywa haimo. Yule mtu ameachwa palepale, mkono wake vilevile. Hoja imeshinda, mwenye shida hakupata kitu.

Ukurasa huo unanisumbua, na unanisumbua zaidi kwa sababu nakubaliana na sehemu kubwa ya kile Jefferson alichokuwa akikitafuta. Swali lake liko hai hadi leo. Je, mtu anaweza kuisoma Biblia kwa ajili ya mafundisho ya namna ya kuishi, akaweka kando habari za kutembea juu ya maji na wafu kufufuka, na bado awe ameisoma kwa haki?

Nianze na wanaosema ndiyo, maana hoja yao ina nguvu kuliko waumini wengi wanavyotaka kukiri, na nguvu hiyo inatoka ndani ya Maandiko yenyewe. Katika Mathayo 7 wanakuja watu siku ya hukumu na orodha ya kazi zao: walitoa unabii, walitoa pepo, walifanya miujiza mingi, na yote kwa jina la Bwana. Hakuna anayewaambia kwamba miujiza ile ilikuwa ya uongo. Wanaambiwa tu, "Sikuwajua ninyi kamwe, ondokeni kwangu, ninyi mtendao maovu." Katika Mathayo 25 mambo ni mazito zaidi. Wanaokaribishwa hawaulizwi waliamini nini. Wanaambiwa walimlisha mwenye njaa, wakamvika aliye uchi, wakamtazama mgonjwa na mfungwa, na wenyewe wanashangaa, kwa kuwa hawakujua walikuwa wakimtendea nani. Na katika Luka 16, tajiri aliye katika mateso anaomba Lazaro atumwe kutoka kwa wafu awaonye ndugu zake watano. Ibrahimu anakataa: "Wasipowasikia Musa na manabii, hawatashawishwa hata mtu akifufuka katika wafu."

Hebu lisome neno hilo polepole. Injili inayohubiri ufufuo inasema ufufuo peke yake hautamgeuza mtu ambaye hajajifunza kumjali maskini aliyelala mlangoni pake. Anayesoma Biblia kwa ajili ya maadili hajaipindisha hapo. Ameelekezwa na andiko lenyewe mahali pa kutazama.

Wala njia hii si uzushi wa juzi. Wafafanuzi wa Kikristo wa zama za kati walifundisha kwamba andiko lina maana za ngazi nne, na mojawapo ilihusu mwenendo: andiko hili linanitaka nitende nini? Tofauti ni kwamba wao waliiongeza maana hiyo kwenye zile nyingine, hawakuiweka badala yake.

Njia hii imezaa matunda pia. Leo Tolstoy, mwandishi wa riwaya wa Kirusi, aliikataa miujiza, akashika Hotuba ya Mlimani, hasa neno lile la Mathayo 5, "Msishindane na mtu mwovu." Mwaka 1901 Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi lilimtenga. Maandishi yake yalimfikia Mohandas Gandhi, Mhindu aliyekuwa akipigania haki za Wahindi Afrika Kusini, na mwaka 1910 shamba alilowakusanya wapigania haki wenzake likapewa jina la Tolstoy. Neno lililotamkwa Galilaya lilipita kwa mtu asiyeamini muujiza, likamfikia mtu wa dini nyingine, na huko likafanya kazi. Anayesema maneno ya Yesu hayana uhai nje ya imani yote ya Kanisa inabidi aieleze safari hiyo.

Upande wa pili nao usichukuliwe kuwa wa wajinga wanaoogopa sayansi. Hoja yao ya kwanza ni ya Paulo, naye hakuacha mlango wa nyuma: "kama Kristo hakufufuka, basi, kuhubiri kwetu ni bure, na imani yenu ni bure." Hakusema yangebaki mafundisho mazuri. Anaendelea kusema kwamba kama wafu hawafufuliwi, basi na tule, tunywe, kwa maana kesho tutakufa. Mtu anaweza kubishana na Paulo, nami nadhani hapo alivuka mpaka, kwa kuwa wapo wengi wasiotarajia ufufuo na bado hawaishi kwa kula na kunywa tu. Lakini hawezi kudai kwamba anamsoma Paulo kama Paulo alivyotaka kusomwa.

Hoja ya pili ndiyo inayonigusa zaidi. Chukua zile heri za mwanzo wa Hotuba ya Mlimani, ambazo kila anayetafuta maadili huzikimbilia. "Heri wenye huzuni, maana hao watafarijika." Nusu ya pili ni ahadi, na mwenye kuahidi ni Mungu. Ikate ahadi hiyo, ubaki na nusu ya kwanza. Mwambie mama aliyetoka kumzika mtoto wake: heri wenye huzuni. Hayo si maadili tena, ni ukatili. Maneno yale hayakutungwa kama kanuni za mwenendo mwema zilizopambwa na mbingu kwa nje. Mbingu ndiyo nguzo inayoyabeba.

Amri ya kuwapenda adui iko karibu na hali hiyohiyo, ingawa hapo naona mwanya. Sababu inayotolewa ni kwamba Baba huwaangazia jua lake waovu na wema, na huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Asiyeamini anaweza kusimama uwanjani akaitazama mvua inavyolowesha mashamba yote mawili bila kuuliza la nani. Mvua anaiona. Asichokiona ni kwamba mvua ile ni tabia ya Baba ambaye yeye anaitwa amfanane. Kwake itabaki kuwa mfano mzuri. Kwa muumini ni mwaliko wa nyumbani.

Halafu kuna suala la nguvu ya kutenda, na hapa Martin Luther King, mchungaji mweusi aliyepigania haki za weusi Marekani, anawakatalia watu wa pande zote mbili. Akiwa na miaka 13 aliwashtua wenzake katika darasa la Jumapili kwa kukana kwamba Yesu alifufuka kimwili. Aliyaandika hayo mwenyewe baadaye, alipokuwa mwanafunzi wa theolojia. Alisoma Maandiko kwa akili ya kuchambua, na Hotuba ya Mlimani ikawa msingi wa mapambano yake bila silaha. Lakini usiku mmoja wa Januari 1956, katikati ya mgomo wa weusi wa mji wa Montgomery dhidi ya ubaguzi katika mabasi, simu ya vitisho ilimwamsha, usingizi ukamruka. Alikwenda jikoni, akatenga kahawa, akainamisha kichwa mezani na kuomba kwa sauti, akikiri kwamba amefika mwisho wa nguvu zake. Baadaye alisimulia kwamba pale alihisi uwepo wa Mungu kuliko wakati mwingine wowote, na hofu ikaanza kumtoka. Siku tatu baadaye nyumba yake ililipuliwa kwa bomu, mkewe na mtoto wao mchanga wakiwa ndani, nao wakanusurika. Akatoka barazani na kuwasihi watu wenye hasira warudi nyumbani na silaha zao.

Lile la barazani ni Mathayo 5 tupu. Anayetaka maadili pekee atalishangilia. Lakini King mwenyewe, alipoeleza alipata wapi utulivu ule, alirudi kwenye kile kikombe cha kahawa. Huenda aliyoyapata jikoni yanaelezeka kwa saikolojia. Hata hivyo, huwezi kuchukua tendo lake, ukakitupa chanzo alichokitaja yeye, kisha ukasema umemsikiliza.

Mpaka hapa nimeyapima kana kwamba kila upande ulikuja na mikono safi. Sivyo. Miaka 13 kabla ya kitabu cha Jefferson, yaani mwaka 1807, ilichapwa London Biblia nyingine iliyokatwakatwa. Ilikusudiwa watumwa weusi wa visiwa vya West Indies, yaani Karibi, vilivyokuwa chini ya Uingereza. Kutoka kwa Waisraeli Misri kuliondolewa. Neno la Paulo kwa Wagalatia kwamba hapana mtumwa wala huru liliondolewa. Agizo kwa Waefeso kwamba watumwa wawatii mabwana zao lilibaki.

Waliokata kitabu hicho hawakuwa na ugomvi na miujiza. Walikuwa wanaogopa muujiza mmoja: bahari kupasuka, watumwa wakapita nchi kavu na farasi za Farao zikazama. Mwenye shamba la miwa alielewa kwamba kisa kile kina hoja ya maadili ndani yake kali kuliko mahubiri mengi, na kwamba hoja hiyo haitenganishwi na Mungu anayeshuka kuingilia kati. Watumwa nao walielewa. Katika nyimbo zao Marekani waliimba Musa na Farao, hawakuimba kanuni.

Jefferson naye, mwenye Injili ya maadili matupu, alimiliki katika maisha yake watu zaidi ya 600. Alipofariki mwaka 1826 wosia wake uliwaacha huru 5; Januari iliyofuata watu wapatao 130 wa shamba lake walipigwa mnada. Simsemi ili kuwapa ushindi waamini wa miujiza, maana wenye watumwa wengi waliamini kila muujiza ulioandikwa, kuanzia nyoka hadi jiwe la kaburi, na mnada ukaendelea. Ninachokiona ni kwamba kuondoa miujiza hakumfanyi msomaji awe mwadilifu, na kuiamini hakumfanyi hivyo pia. Hatari iko kwenye kisu, hasa kikishikwa na mtu ambaye andiko lingekuwa na haki ya kumhoji.

Ndiyo maana nashikilia kwamba asomaye kwa ajili ya maadili ana haki ya kutoamini muujiza, ila hana sababu ya kuuruka. Katika Marko 2, watu wanne wanamleta mwenye kupooza, umati unawazuia, wanapanda juu, wanaitoboa dari na kumteremsha pamoja na godoro lake. Yesu anamwambia dhambi zake zimesamehewa. Waandishi, yaani walimu wa sheria, waliokaa pale wananung'unika mioyoni: ni nani awezaye kusamehe dhambi isipokuwa Mungu? Naye anauliza lipi jepesi, kumwambia umesamehewa, au kumwambia aondoke, ajitwike godoro lake, aende. Mgonjwa anainuka. Ukiukata muujiza, unabaki na mtu aliyesamehewa ambaye bado amelazwa mbele ya waliobishana juu yake, na marafiki wanne waliobomoa nyumba ya mtu bure. Msamaha ule ulidai kuonekana mwilini, na madai hayo ni ya kimaadili hata kwa asiyeamini kwamba mgonjwa aliinuka.

Sipendi pia njia ya katikati inayoufanya muujiza uwe jambo la kawaida, kama yale maelezo ya tangu karne ya 19 kwamba watu 5,000 walishiba kwa sababu kila mmoja alitoa chakula alichokificha. Yanaonekana ya busara, lakini yamewageuza watu wenye njaa kuwa wachoyo walioumbuliwa. Ni kisa kingine kabisa, na hakuna mwinjilisti aliyekiandika. Afadhali kusema wazi kwamba huamini mikate iliongezeka, kisha ukae na swali lililobaki: kwa nini wanafunzi walitaka umati uagwe ukajinunulie chakula, na kwa nini waliambiwa, "Wapeni ninyi kula"?

Namrudia yule wa sinagogi. Katika masimulizi ya Mathayo, kila mtu anazungumza juu yake. Wenye sheria wanamtumia kama mtego. Hata kondoo wa mfano amepata maneno mengi kuliko yeye. Aya ya 13, ile iliyoachwa nje mwaka 1820, ndiyo mahali pekee anaposemeshwa mwenyewe, na mahali pekee anapofanya jambo. Anaambiwa anyoshe mkono, naye anaunyosha.