Dojo Zetu Hazijui Kuagana

Nilifanya mazoezi ya karate ya mtindo wa Goju-ryu kwa miaka 11 katika dojo (ukumbi wa mazoezi) moja ya jijini Dar es Salaam, na nilipoondoka hakuna aliyeniaga. Dojo hiyo siitaji, kwa kuwa kasoro ninayoizungumzia wameniambia pia marafiki waliotoka kwingine: mtu akiacha kuja, jina lake huacha kutajwa, na wanafunzi wadogo huelewa bila kuambiwa kwamba hawatakiwi kumchangamkia wakikutana naye kituoni. Sababu zangu zilikuwa za kawaida tu. Ada ya mitihani ya mikanda ilikuwa ikipanda bila maelezo, na nilipoomba ruhusa ya kujifunza judo siku za Jumamosi nikajibiwa kwamba mshika mawili moja humponyoka.

Dojo hiyohiyo ilitukaririsha shu-ha-ri, yaani zile hatua tatu ambazo Wajapani huzitumia kueleza safari ya mwanafunzi: kwanza kushika alichofundishwa kama kilivyo, kisha kukivunja ili akielewe kwa ndani, mwishowe kuachana nacho na kwenda kwa miguu yake mwenyewe. Hatua ya kwanza ilipewa miaka yote 11. Ya tatu ilibaki kuwa neno la kupamba hotuba siku ya mtihani.

Historia ya sanaa hizi, kwa upande wake, imejaa watu walioondoka. Hironori Ohtsuka alikuwa mwanafunzi wa Gichin Funakoshi, ambaye mwaka 1922 alitoka Okinawa kwenda kuionyesha karate Tokyo, lakini katika miaka ya 1930 Ohtsuka alishika njia yake, akaichanganya karate na jujutsu, sanaa ya kale ya Kijapani ya kukamata na kuangusha, aliyokuwa ameijua tangu utotoni, ndipo ukapatikana mtindo wa Wado-ryu. Koichi Tohei, aliyekuwa mkufunzi mkuu wa Aikikai, chama kikuu cha sanaa ya aikido, alijiuzulu mwaka 1974 na kuendelea na aikido ya mtazamo wake. Ukiingia katika dojo ukainamia picha iliyoko ukutani, si ajabu ukawa unamwinamia mtu ambaye naye aliwahi kuvuliwa heshima kwa kuondoka mahali.

Hata hivyo, mfano ninaoupenda zaidi ni wa Jigoro Kano, ambaye mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 21, alianzisha judo katika hekalu moja la Tokyo, kwenye chumba cha mikeka 12. Wakati huo bado alikuwa akijifunza jujutsu ya Kito-ryu kwa mwalimu wake Iikubo, ambaye kwa kawaida ndiye aliyekuwa akimwangusha. Kano mwenyewe alisimulia kwamba siku moja mambo yaligeuka: kila aliposhikana na mwalimu, Kano ndiye aliyemwangusha mwalimu. Mwalimu alipomuuliza amefanyaje, akaeleza kwamba sasa anamyumbisha mpinzani kwanza kabla ya kumtupa. Iikubo alikiri kwamba hana tena cha kumfundisha. Mwalimu ameangushwa mara kadhaa kwa jioni moja, na bado anapata utulivu wa kumfungulia mwanafunzi wake mlango! Hilo kwangu ni gumu kuliko kata yoyote, yaani ule mfululizo wa mienendo ya karate unaofanywa kwa mpangilio maalumu.

Mimi sikufunguliwa mlango, na miezi ya kwanza ilikuwa mibaya kwa namna ambayo sikuitarajia. Jumanne na Alhamisi, ikifika saa 12 jioni, mwili ulikuwa unajiandaa wenyewe kwa kazi ambayo haipo. Nilijaribu kufanya kata ya Sanchin uani, asubuhi kabla ya majirani kuamka, lakini kata hiyo hufundishwa kwa mwalimu kukupiga makofi mabegani na mapajani ili apime kama umekaza panapotakiwa, na peke yangu sikuweza kujua kama nimekaza au ninajidanganya. Hapo ndipo nilipokubali kwamba nilichokosa ni mtu wa kunigusa bega. Mkanda mweusi nilikuwa nao kabatini, umechakaa hadi pamba nyeupe ya ndani inaonekana, wala haukunisaidia kitu.

Nikaenda kwenye judo. Nilinunua mkanda mweupe, wa anayeanza, na nakiri kwamba nilipokuwa nikiufunga nilitamani mtu aniulize nimetoka wapi ili nijibu. Hakuna aliyeuliza. Nilipangwa na kijana wa sekondari ambaye uzito wake haufikii wangu. Karate imenizoesha kumweka mtu mbali, kwa umbali wa teke au ngumi, kwa hiyo aliponishika kola nilifanya kile ambacho mwili uliamini ni sahihi: nilikaza kila kitu na kurudi nyuma. Alinifuata hatua moja, akapitisha mguu wake nyuma ya wangu, nami nikajikuta natazama feni ya dari. Nilikuwa nimesahau kupiga mkono chini ili kupunguza kishindo cha kuanguka, kama nilivyofundishwa nusu saa kabla. Akainama juu yangu, akasema, "Shikamoo, anko. Pumua kwanza." Kwa miaka mingi watoto wa rika lake walikuwa wakiniita senpai, yaani mkubwa wao katika mazoezi, na kunipisha mlangoni.

Wanaosema kuanza upya ni kuchukua ulichonacho na kusonga mbele hawajawahi kuangushwa na ujuzi wao wenyewe. Kwa miezi minne karate yangu ilikuwa mzigo, na ni pumzi ya Sanchin pekee iliyonifaa, kwa sababu ilinisaidia kutulia nikiwa nimebanwa chini.

Mwaka uliopita kijana yule alihamia Mwanza na wazazi wake. Jumamosi yake ya mwisho mwalimu wetu alitupanga mstari, wakubwa kwa wadogo, na kila mmoja alishikana naye na kuangushwa mara moja. Kisha akamwandikia kwenye karatasi namba ya mwalimu anayemfahamu huko, akamwambia akaripoti wiki ileile, asikae bure. Mimi nilikuwa wa tatu kwenye mstari. Safari hii nilikumbuka kupiga mkono.